Moshi Huu ni wa Nani?



Leo naandika kuhusu moshi. Nimesoma falsafa miaka mitatu na sikumbuki kama kuna siku tulikaa darasani tukajadili moshi, ingawa sasa naona maswali yote yalikuwa yananisubiri humo. Naanza na kosa langu mwenyewe, maana nikianza na Mtakatifu Tomaso wa Akwino utafunga simu ulale.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Julai mwaka jana, niko likizo nyumbani Tunduma. Kesho yake kigango chetu kilikuwa kinampokea Baba Askofu kwa ajili ya Kipaimara. Vijana tuliombwa tufanye usafi, na mimi kwa kuwa ni Frateri nikapewa kusimamia. Tulifanya kazi kwelikweli. Tulifyeka, tukafagia, tukaokota kila kitu kilichokuwa kimejificha nyuma ya kanisa tangu Krismasi: chupa za maji, viroba vilivyochanika, mapambo ya plastiki, majani makavu, na kipande cha tairi ambacho hakuna aliyejua kilifikaje. Saa kumi na moja jioni tulikuwa na lundo linalofika kifuani. Kijana mmoja akaniuliza, "Frateri, hizi tunazipeleka wapi?" Nikamjibu kwa maneno mawili tu: "Choma tu."

Tukawasha, tukapiga picha, tukasali, tukaenda nyumbani. Lundo likabaki linafuka.

Anayeijua Tunduma mwezi wa saba anajua jioni zake. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na jua likishazama baridi inashuka haraka. Mchana kusi huwa linavuma na kubeba vumbi, lakini usiku ule upepo ulikata kabisa. Ardhi ikipoa, hewa iliyo karibu nayo inapoa pia, inakuwa nzito na kutulia chini. Juu yake kunabaki hewa yenye joto zaidi, na ile hewa ya juu inafanya kazi kama mfuniko wa sufuria. Moshi unaotoka chini unapanda kidogo, unagonga mfuniko, unatandaa. Ndiyo maana asubuhi za kipupwe unaona utando wa rangi ya majivu umelala juu ya mabati, na wageni wanadhani ni ukungu. Mbeya mjini hali hii inaonekana wazi zaidi kwa sababu mji umekaa kama kwenye bakuli, Loleza upande mmoja na milima ya Uporoto upande mwingine. Sisi Tunduma hatuna bakuli kubwa namna hiyo, ila tuna vibonde vyetu, na nyumba za watu ambao hawakuwa na hela ya kiwanja cha juu ndizo zilizo humo.

Jumapili Misa ilikuwa nzuri sana. Kwenye mstari wa waimarishwa nilimwona binti mmoja ninayemfahamu, anakaa nyuma ya kigango, amevaa gauni jeupe, na msimamizi wake amemwekea mkono begani. Mama yake sikumwona. Nilidhani amechelewa. Baada ya Misa katekista ndiye aliyeniambia: usiku, kama saa saba, mtoto wao wa mwisho, wa miaka sita, alibanwa na pumu. Mama akambeba kwa bodaboda mpaka kituo cha afya, huko akawekewa mashine ya kuvuta dawa, na mpaka muda ule walikuwa bado hawajaruhusiwa. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini yule mama alikosa Kipaimara cha binti yake, na siku ile hairudiwi.

Jumatatu nikaenda kutoa pole, na sukari na mkate kama ilivyo desturi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba Frateri. Pita ndani, huko nje baridi."

Nikakaa. Akaenda kibarazani, akaleta jiko la mkaa likiwa limewaka vizuri, akalisogeza miguuni kwangu ili nipate joto. Mtoto alikuwa amejifunika blanketi kwenye kochi. Nikakohoa. Yeye hakukohoa, amezoea. Nikajikaza nikasema nilichokwenda kusema, kwamba lile lundo lilikuwa langu, mimi ndiye niliyesema lichomwe, na naomba anisamehe.

Akacheka kidogo. "Frateri, hata jiko langu linatoa moshi. Na majirani wote. Na malori pale barabarani. Nani ajue ni moshi upi uliomwingia mtoto?"

Kwa kweli nilitoka nimepata nafuu. Nafuu hiyo ilidumu mpaka nilipofika nyuma ya kanisa na kuona pale majivu yalipokuwa. Nikasimama, nikahesabu hatua kutoka kwenye majivu mpaka mlango wa jikoni kwake. Ni hatua 43. Nikarudi nikihesabu tena, zikawa 43 zilezile.

Jibu lake ni jibu zuri, na ndilo lilinisumbua. Mimi mwenyewe usiku wa Jumapili nilikuwa nimejiambia maneno hayohayo, karibu neno kwa neno: malori, majirani, majiko, nani ajue. Kutoka kinywani mwake yalikuwa huruma. Kutoka kinywani mwangu yalikuwa mlango wa kutorokea. Inawezekanaje maneno yaleyale yawe na uzito tofauti kulingana na anayeyasema? Hapo ndipo nikarudi kwenye vitabu.

Kuna mwanafalsafa wa Kiingereza, Derek Parfit, aliyeandika mwaka 1984 kitabu kinachoitwa Reasons and Persons. Humo anatoa mfano ambao ukiusikia mara moja hauondoki kichwani. Fikiria watesaji elfu moja, na wafungwa elfu moja. Zamani kila mtesaji alikuwa na mfungwa wake, anamzidishia maumivu hatua kwa hatua mpaka yanakuwa makali mno. Sasa wanabadilisha utaratibu: kila mtesaji anabonyeza kitufe kimoja, kinachoongeza kwa kila mfungwa maumivu madogo mno, madogo kiasi kwamba hakuna mfungwa anayeweza kuhisi tofauti. Wote elfu wakibonyeza, wafungwa wanateseka vilevile kama zamani. Sasa ukimwuliza mtesaji mmoja mmoja, kila mmoja anakuambia kwa ukweli kabisa: mimi sikumwumiza mtu yeyote, mwulize mfungwa kama alihisi kitufe changu. Mateso yapo, mtesaji hayupo!

Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeukubali utetezi huo. Tunaona wazi kwamba kosa halijayeyuka kwa sababu limegawanywa. Lakini hebu toa wafungwa, weka mji. Toa vitufe, weka majiko, malori na malundo ya taka. Ghafla utetezi uleule tunaupokea, tena tunautumia kila siku. Moshi wangu ni mdogo. Takataka zangu ni chache. Hongo yangu ilikuwa ya soda tu.

Tusidanganyane kuhusu madhara. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo karibu milioni 7 kila mwaka duniani vinavyotokana na hewa chafu, ya nje na ya ndani ya nyumba. Kinachoua zaidi si ule weusi unaouona ukutani. Ni chembechembe ndogo sana, ndogo mara kama thelathini kuliko unene wa unywele wako, zinazopita puani na kooni bila kuzuiliwa, zikafika ndani kabisa ya mapafu na nyingine kuingia kwenye damu. Kitambaa ulichojifunga mdomoni kinasaidia vumbi kubwa. Chembe hizi zinapita katikati ya nyuzi zake kama mbu anavyopita kwenye wavu wa goli.

Najua bado utasema: sawa, kwa jumla watu wanakufa, lakini kwa mtoto huyu mmoja, nani anaweza kuthibitisha? Ni swali la haki. Nikupe kisa cha kweli. London kulikuwa na msichana anaitwa Ella Kissi-Debrah, familia yake ina asili ya Ghana, alikuwa anakaa karibu sana na barabara kubwa yenye magari mengi, mita zisizofika 30. Alikuwa na pumu kali. Alifariki Februari 2013 akiwa na miaka 9. Uchunguzi wa kwanza wa kisheria, mwaka 2014, haukutamka kwamba hewa chafu ilichangia. Mama yake, Rosamund, mwalimu, hakukubali kuishia hapo. Alipambana mpaka uchunguzi ukafanyika upya, na Desemba 2020 ofisa wa sheria akatamka kwamba hewa chafu ilichangia kifo cha binti yule. Hakuna dereva aliyetajwa jina. Hakuna gari lililonyoshewa kidole. Hata hivyo mamlaka ilisema waziwazi kwamba kifo hiki kina chanzo, na chanzo chenyewe kimetengenezwa na watu.

Ukifikiria hilo la mita, fungua Biblia yako, Kumbukumbu la Torati sura ya 21, aya tisa za mwanzo. Mimi nilikuwa nimezisoma mara nyingi kwenye masifu na masomo bila kusimama. Kuna maiti imekutwa shambani, mtu ameuawa, na aliyeua hajulikani. Ungetegemea sheria iseme basi, hakuna mshitakiwa, kesi ifungwe. Haisemi hivyo. Inawataka wazee watoke wakapime umbali kutoka kwenye maiti mpaka miji iliyo karibu, na wazee wa mji ulio karibu kuliko yote wachukue mtamba, washuke naye bondeni penye maji, waoshe mikono yao pale na kumwomba Mungu awasamehe watu wake. Wanatamka hata kwamba mikono yao haikumwaga damu ile. Yaani hawaungami kuua, wala hakuna anayesema wameua. Na bado wanatoka, wanapima, wanashuka bondeni. Kutojua muuaji hakuwapi ruhusa ya kukaa nyumbani.

Walawi sura ya 4 inakwenda mbali zaidi. Inaweka sadaka kwa ajili ya mtu aliyekosa pasipo kujua, na hata kwa ajili ya jumuiya nzima ya Israeli ikikosa pasipo kujua. Jumuiya nzima! Sisi tumezoea kuungama mmoja mmoja, kwenye foleni, kila mtu na karatasi yake kichwani, na ni sawa kabisa. Lakini tumesahau kwamba yapo makosa ambayo hayatoshi kwenye karatasi ya mtu mmoja.

Hapa wengine wananivuta shati: Frateri, mbona unatutwisha mizigo? Mtu hatendi dhambi kwa asichokijua! Ni kweli, ila si kweli yote. Mtakatifu Tomaso, anapozungumzia ujinga katika Summa, anatofautisha. Kuna ujinga usioshindika, ambao hata ukijitahidi usingeweza kuuondoa, na huo hauna hatia. Na kuna ujinga ambao ungeweza kuushinda ukapuuza, kuhusu jambo ulilopaswa kulijua, na huo una hatia ya uzembe. Katekisimu inalisema hilohilo kwenye namba 1791. Kwenye namba 1735 inaongeza kwamba mtu anaweza kupunguziwa lawama kwa sababu ya kutojua, mazoea, hofu, au kubanwa na hali.

Sasa tuweke hayo mezani Tunduma, usiku wa Julai.

Yule mama anawasha mkaa ndani. Anajua unakereketa koo. Lakini mkaa anaupata wa shilingi elfu moja dukani pale, leo hii, na mtoto anasikia baridi leo hii. Amebanwa. (Na hapa nisimame kidogo, maana hili ni la uhai: usilale na jiko la mkaa chumbani, hata kama makaa yanaonekana yameiva na hayatoi moshi. Gesi inayotoka pale, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inakulaza usingizi usioamka. Likitumika ndani, fungua dirisha, na litoe nje kabla hujapanda kitandani. Mwambie na bibi.)

Dereva wa lori, naye ametoka Dar es Salaam na mzigo wa Lubumbashi, amekwama kwenye foleni ya kuelekea mpakani. Kile kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa mwaka 2019 na kimesaidia, lakini foleni bado zinakuwepo, siku nyingine zinarudi nyuma mpaka Chapwa na Mpemba. Analala kwenye kabini. Injini inaunguruma kwa sababu foleni ikisogea mita kumi asiposogea ataingiliwa. Upande wa pili wa barabara yanashuka malori yenye shaba kutoka Zambia na Kongo, na sehemu ya shaba hiyo ndiyo inayotengeneza magari ya umeme ya kusafisha hewa ya miji ya mbali huko. Sina hasira na hilo, nalitaja tu ili ujue kwamba usafi wa hewa ya mwingine wakati mwingine unapita mlangoni kwetu ukiwa bado moshi. Na reli ya TAZARA, iliyojengwa na wazee wetu na Wachina miaka ya sabini, inapita hapohapo Tunduma, wakati mizigo mingi iko barabarani. Dereva hakupanga lolote kati ya hayo.

Halafu niko mimi. Nilikuwa na jembe. Nilikuwa na vijana ishirini wenye nguvu. Mahali pa kuchimba shimo la majani palikuwepo. Chupa zile kuna watu wanaziokota na kuziuza kwa kilo, wangenishukuru. Kwamba moshi wa plastiki ni sumu nimeambiwa tangu shule ya msingi, na simu yenye bando ilikuwa mfukoni, ile niliyopigia picha. Sikubanwa na baridi, sikubanwa na njaa, sikubanwa na foleni. Nilitaka tu eneo lionekane safi Askofu akifika, na moshi ndiyo njia rahisi ya kuhamisha uchafu kutoka kwenye macho ya wageni kwenda kwenye mapafu ya jirani.

Nadhani hapo ndipo jibu lilipo. Tulio wengi tumechangia moshi mmoja, na hakuna kipimo cha kutenganisha wa nani uko wapi. Kutotenganishika huko hakunifutii deni, kunanifanya mdaiwa pamoja na wenzangu. Na kwenye deni la pamoja, mwenye uwezo wa kulipa ndiye anayefuatwa kwanza. Swali la nani ametoa moshi mwingi zaidi lina maana kwa mhandisi. Kwa dhamiri yangu swali ni lingine: nani alikuwa na njia nyingine? Ndiyo maana maneno ya yule mama yalikuwa ya kweli kwake na ya uongo kwangu. Yeye alikuwa anafuta deni, na aliyedhulumiwa ana haki ya kufuta. Mimi nilikuwa nakana kwamba deni lipo.

Wiki ile nilikwenda kuungama. Nilianza kumweleza padre habari za ujinga unaoshindika na usioshindika, akanikatiza: "Mtoto anaendeleaje?" Nikasema amepona. "Na hilo lundo mtalifanyaje mwaka kesho?" Sikuwa na jibu. Akanipa kitubio, na akaniambia nirudi kwake nje ya kitubio nikiwa na jibu.

Naogopa kitu kimoja ninapoandika haya. Ukishapata hoja kama hii unaweza kuigeuza fimbo ya kuwachapia maskini. Nimesikia watu wenye gesi na gari wakisema "hawa akina mama na mikaa yao wanaharibu mazingira." Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 20, anapotaja moshi wa kupikia na wa kujipasha joto, anautaja kama kitu kinachowaumiza watu, hasa maskini. Anawataja kama wanaoumia. Serikali yetu mwaka 2024 ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo ni kwamba ifikapo 2034 Watanzania asilimia 80 wawe wanapika kwa nishati safi. Lengo zuri. Ila mtungi kuupata ni jambo moja na kuujaza kila mwezi ni jambo lingine kabisa.

Kuna mji unaonipa moyo, na wewe kama Mkatoliki unaujua kwa sababu nyingine. Kraków, Polandi, alikokuwa Askofu Mkuu Karol Wojtyła kabla hajawa Papa Yohane Paulo wa Pili. Mji uko kwenye bonde la mto Vistula, na wakati wa baridi watu waliwasha majiko ya makaa ya mawe majumbani, moshi ukakwama bondeni kama kwetu tu, ila mara nyingi zaidi. Ilikuwa mojawapo ya hewa mbaya Ulaya. Wananchi wa kawaida walikusanyika, wakapiga kelele miaka kadhaa, na tarehe 1 Septemba 2019 ikaanza kazi sheria ya kuzuia kuchoma makaa ya mawe na kuni mjini. Kilichonigusa ni mpangilio: kwa miaka kadhaa kabla ya katazo, mji ulitoa pesa za kuwasaidia watu kubadilisha majiko, maelfu kwa maelfu. Hawakuanza na faini. Yohane Paulo mwenyewe, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani ya mwaka 1990, alikuwa ameshasema kwamba suala la mazingira ni suala la maadili. Ilichukua mji wake karibu miaka thelathini kufika hapo, kwa hiyo mimi na kigango changu tusijidharau sana.

Mwezi Septemba, kabla sijarudi chuoni, vijana tulichanga tukamnunulia yule mama mtungi mdogo wa gesi na jiko lake. Tulimkabidhi baada ya Misa, watu wakapiga vigelegele. Na shimo la majani tulichimba, nyuma ya kanisa, upande wa mbali na nyumba za watu. Chupa na viroba tunaweka kwenye gunia na wanaokusanya wanapita kuchukua. Padre niliporudi kumwambia, alisema tu "Haya."

Mwezi huu nimekuja likizo tena. Baridi ni ileile, na asubuhi ule utando uko juu ya mabati. Juzi nilipita kwa mama. Mtungi uko kona ya jiko, umefutwa vumbi vizuri, juu yake ameweka sufuria. Kibarazani mkaa unawaka.

"Gesi iliisha mwezi wa kumi na moja, Frateri," akaniambia, kama anayeomba radhi yeye. "Kujaza ni zaidi ya elfu ishirini kwa mkupuo. Nadunduliza."

Mtoto wake sasa ana miaka saba, alikuwa nje anapiga mpira wa makaratasi kwenye ukuta wetu wa kigango. Nikamwambia mama kwamba vijana tunakutana Jumapili baada ya Misa ya pili, tuone kama Jumuiya inaweza kuanzisha kikoba cha kujaza mitungi kwa zamu, wenye kipato waweke zaidi, na kwamba angetusaidia sana akija yeye mwenyewe kutuambia gesi inadumu siku ngapi na inaisha lini. Akasema atakuja akipata wa kubaki na mtoto.

Ukiwa karibu na Tunduma siku hiyo, karibu sana. Njoo na jembe pia, lile shimo la kwanza limejaa.